Mashamba ya Askari wa Vita vya Mjerumani



Mwezi uliopita nilipokea barua ya mama mmoja wa Likoni, na tangu siku hiyo imekaa juu ya meza yangu kwa sababu jibu lake halitoshi mistari miwili. Ameniruhusu niinukuu bila ya kumtaja. Anasema: "Bibi yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akitwambia kuwa babake alichukuliwa wakati wa vita vya Mjerumani na hakurudi. Sasa amekuja mtu hapa mtaani, anasema lipo daftari la serikali la mashamba waliyopewa askari baada ya vita, na jina la mzee wetu limo. Anataka shilingi 15,000 kwa kila tawi la familia apate kulifuata faili Nairobi. Ndugu zangu wamekwisha kuchanga. Mimi nimesema nikuulize kwanza. Bibi alikuwa akitaja pia minazi ya babake huko Mtongwe, lakini hayo ni mambo ya zamani."

Najibu hadharani kwa kuwa hii si barua ya kwanza ya namna hii kunifikia, na kwa kuwa katika maneno ya huyo dalali umo ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaowatoa watu fedha zao.

Daftari lipo. Mwaka 1919, vita vilipokwisha, serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki ilianzisha mpango wa kuwagawia ardhi askari waliorudi. Gavana wakati huo alikuwa Sir Edward Northey, naye mwenyewe jenerali aliyetoka kupigana na Wajerumani upande wa Nyasaland. Zilitengwa ekari zipatazo milioni mbili na kukatwa mashamba yaliyozidi 1,000. Mengine yalikuwa madogo, ya kiasi cha ekari 160, nayo yalitolewa bure. Yaliyo makubwa yaliuzwa kwa kulipwa kidogo kidogo. Sheria ya ardhi iliyopitishwa mwaka 1915 ilikuwa imekwisha kuruhusu mkataba wa miaka 999, yaani mtu apewe shamba leo na vitukuu vya vitukuu vyake walikute bado lingali lao. Waombaji walipigiwa kura, wengine London na wengine papa hapa Nairobi katika jumba la michezo lililoitwa Theatre Royal. Kila shamba lilikuwa na namba yake katika Ofisi ya Ardhi, na kila mwenye bahati aliandikiwa jina lake mbele ya namba hiyo. Barua walizoandikiana wakubwa wa Nairobi na wa London kuhusu jambo hili zimehifadhiwa mpaka leo Uingereza, katika Nyaraka za Taifa zilizoko Kew, na nyaraka za upande wetu ziko katika Nyaraka za Taifa za Kenya pale Moi Avenue.

Hapa ndipo pa kusimama. Lilikuwapo sharti moja ambalo dalali hakulitaja: mwombaji awe mtu wa asili ya Ulaya. Askari Mwafrika wa King's African Rifles hakuruhusiwa hata kuomba. Mhindi aliyeletwa na jeshi lake kutoka ng'ambo hakuruhusiwa. Na aliyebeba mzigo ndiye asiyefikiriwa kabisa. Kwa hiyo, mama yangu wa Likoni, jina la mzee wenu halimo katika daftari lile, si kwa kupotea wala kwa kuibiwa, bali kwa kuwa daftari halikuandikwa kwa ajili yake. Anayewaambia amelisoma humo hasemi kweli.

Najua uchungu wa maneno haya. Watu wa pwani hawakuwa watazamaji katika vita vile. Mwaka 1914 Wajerumani walipovuka mpaka na kuingia upande wa Vanga na Gazi, katika waliosimama kuwazuia lilikuwamo kundi la Waarabu wa Mombasa, wengi wao Washihiri waliokuwa wakichota maji na kuyauza mitaani. Mkuu wao alikuwa Mwingereza, Arthur Wavell, mtu wa ajabu kidogo, kwani miaka michache kabla ya hapo alikuwa amejigeuza sura akaenda Makka katika msafara wa mahujaji. Aliuawa Mwele mwezi wa Januari 1916 pamoja na baadhi ya watu wake. Mwele si mbali. Ni huko Kwale. Na ndugu zetu Wagiriama, waliokataa na Mekatilili wa Menza kutoa vijana wao, walipigwa mwaka 1914, wakatozwa rupia 100,000, wakadaiwa na vijana 1,000 wa kubeba mizigo, na wakaamriwa wahame ng'ambo ya Sabaki waiache ardhi yao yenye rutuba. Tazama basi: vita vile vile, wengine wakaandaliwa ardhi na wengine wakaondolewa katika yao.

Wapagazi ndio walioumia kuliko wote. Jeshi lao liliitwa Carrier Corps kwa Kiingereza, nasi tukalitamka kwa ulimi wetu, na ndipo ilipotoka Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Katika mwaka 1917 wanaume walikusanywa kwa nguvu wilaya kwa wilaya. Mbung'o walikuwa wakiua kila mnyama wa mzigo, kwa hiyo chakula na risasi vilikwenda juu ya vichwa vya watu kutoka pwani hadi Rufiji na kwingineko. Waliokufa kutoka Kenya peke yake ni zaidi ya 40,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa tumbo la kuhara, homa na chakula wasichokizoea. Mkuu wao, Oscar Watkins, aliandika sana baada ya vita akiomba mishahara ya wale waliokufa, ambayo hapakuonekana wa kuipokea, itumike kwa manufaa ya watu wao. Serikali ya Uingereza haikukubali. Walichopata ni sanamu: moja Nairobi, nyingine hapa Mombasa katika barabara ya Jomo Kenyatta, ambayo wengi wetu huipita kila siku tukiwahi matatu.

Na mashamba yale yalikuwaje? Nitasema kwa ufupi, kwa sababu hayakuwafaa hata wengi waliopewa. Mengine yalikatwa kutoka ardhi ya Wanandi, upande wa Kaimosi na Kipkarren, watu wakaambiwa waondoke walipozaliwa. Kericho walipelekwa maofisa waliopata vilema vitani, wakaambiwa walime kitani, kwa kuwa bei ya kitani ilikuwa juu sana. Baada ya muda mfupi bei ikaanguka, na mwaka 1920 rupia ikapandishwa thamani kutoka shilingi moja na peni nne hadi shilingi mbili, kwa hiyo mwenye deni la rupia akajikuta anadaiwa zaidi kwa fedha ya Uingereza bila ya kukopa hata senti. Wengi walishindwa wakaondoka. Lakini ardhi haikurudi kwa Wakipsigis. Iliingia mikononi mwa makampuni, na juu yake leo pana chai.

Jambo moja katika nyaraka za wakati huo linatugusa sisi wanawake kwa namna ya pekee. Mashamba mapya yalihitaji mikono, na waliokuwa na mikono walikuwa wamerudi wagonjwa au hawakurudi. Mwezi wa Oktoba 1919 Gavana Northey alitoa waraka akiwataka watumishi wa serikali na machifu wahimize watu wakafanye kazi kwa walowezi, na pale shamba lilipokuwa karibu na makazi ya Waafrika, wanawake na watoto nao wahimizwe. Maaskofu wa Kikristo wenyewe walilalamika. Kwa hiyo mjane wa mpagazi hakuandikwa popote kuwa mjane, lakini alikumbukwa kuwa ni kibarua.

Nalilinganisha hili na mambo ya nchi nyingine, maana mpango kama huu haukuwa wetu peke yetu. Katika jimbo la Victoria huko Australia, askari waliorudi kutoka vita hivyo hivyo walipewa mashamba kwa maelfu, nao pia wengi wakafilisika. Kila mmoja alifunguliwa faili, na mafaili hayo yametunzwa. Mjukuu wa leo anaweza kuyasoma. Ndani yake mna maombi, hesabu za mikopo, ripoti za wakaguzi, na baina ya hayo mna barua za wake: mume ni mgonjwa, ng'ombe amekufa, tupeni muda. Hata huko, wenyeji wa asili waliopigana walinyimwa, ila wachache mno. Nami huwaza kwamba yule mke aliyeandika barua ya kuomba muda, pamoja na dhiki yake yote, alikuwa na mahali pa kuipeleka.

Mke wa mzee wa Likoni hakuwa na mahali hapo, na hapa nawaomba wasomaji mnivumilie kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye shina la barua niliyoletewa. Mume akiondoka na isijulikane yu hai au amekufa, sheria yetu humwita mafkudi. Mkewe si mjane wala si mtalaka. Katika madhehebu yetu ya Shafi ipo kauli kongwe ya kuwa angoje miaka 4, kisha akae eda ya kufiwa ya miezi 4 na siku 10; na ipo kauli ya baadaye ya kuwa angoje mpaka kifo kithibitike. Vyovyote iwavyo, hukumu ni ya kadhi, si ya jirani wala ya shemeji. Mali ya mafkudi nayo haigawanywi mpaka kadhi ahukumu kuwa amekufa, na wanaomrithi ni wale waliokuwa hai siku hiyo ya hukumu. Sasa fikirini ni nyumba ngapi za pwani ambazo hukumu hiyo haikutafutwa. Mke alingoja, watoto wakakua, na minazi ikaangaliwa na ndugu wa mume "mpaka atakaporudi mwenyewe". Hakurudi. Ndugu akafa, wanawe wakarithi walichokuta mkononi mwa baba yao.

Kwa hiyo yale maneno ya mwisho ya barua, minazi ya Mtongwe, ambayo mama ameyaita mambo ya zamani, kwangu mimi ndiyo barua yenyewe. Mwaka 1908 serikali ilitunga sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa pwani. Kila mwenye kudai shamba alitakiwa apeleke dai lake kwa Mwandikishi wa Hati, lisikilizwe, na akithibitisha apewe cheti cha kumiliki. Ardhi ambayo hakutokea wa kuidai iliingia mikononi mwa serikali. Wako waliodai na kupata vyeti, na wengi hawakupata habari au hawakuwa na la kuonyesha. Zaidi ya miaka 100 imepita, na bado kesi nyingi za ardhi za pwani hurudi kwenye vyeti vile.

Daftari la kutafuta, basi, ni hili la pwani, si lile la walowezi wa bara. La kwanza ni kujua kama mzee alidai shamba lake kabla hajachukuliwa, au kama lilidaiwa na mwingine baada yake, na kwa jina la nani. Jina litafutwe kwa kila namna lilivyoweza kuandikwa, maana makarani wa zamani waliandika walivyosikia: bin fulani hapa, wa fulani pale, mara kwa jina la ukoo, mara kwa jina la kijiji. Namba ya kiwanja ikipatikana, upekuzi katika ofisi ya ardhi hufanywa kwa ada ndogo inayojulikana na yenye risiti, na yeyote anaweza kuuomba. La pili ni kwenda kwa kadhi na kumweleza habari ya mafkudi tangu mwanzo, na majina ya warithi, wanawake na wanaume, waliokufa na walio hai. Siahidi kuwa shamba litarudi. Umri wa jambo hili ni mkubwa na sheria ya ardhi ina mipaka yake ya muda. Lakini familia itajua inadai nini, kutoka kwa nani.

Na shilingi 15,000? Nilimpigia simu mama huyo juzi Jumatatu nimsomee haya kabla hayajachapishwa. Akacheka kwa huzuni. Matawi matatu yamekwisha kulipa na simu ya yule mtu haishikwi tena. Kisha akanyamaza, akasema kuna kasha la bibi, la mbao, lililokuwa na karatasi zake za ndoa na nyingine asizozijua. Liko Mtongwe kwa dada yake, na ufunguo umepotea tangu siku ya mazishi. Nimemwambia amwite fundi wa kufuli, na siku ya kulifungua wawepo ndugu wote, wake kwa waume, na karatasi ya kuandikia kila kitakachotoka.