Biharusi na ile birika ya pembeni

Shaabani imeingia, harusi kila mtaa, na kila tunapokwenda kumpaka biharusi hina tunaikuta ile birika ya pembeni. Sanamaki imerowekwa, anakunywa kikombe usiku na kikombe alfajiri, wiki tatu mfululizo, ili gauni limkae. Mwaka jana tulimhudumia mmoja aliyekwenda msalani mara nne kabla hatujamaliza hina ya mguu mmoja. Usiku wa harusi kizunguzungu kikamshika, akalazwa chumbani anyweshwe maji ya dafu huku wageni wakingoja nje. Siku ile tulinyamaza, haikuwa siku ya kusema. Leo tunasema.

Tuanze na ng'ombe, na msicheke. Ng'ombe anakula majani mchana kutwa, lakini mwili wake wenyewe hauna kitu cha kuivunja selulosi, ule ukuta mgumu wa jani. Wanaomfanyia kazi hiyo ni bakteria na vijidudu wenzao, wanaoishi katika tumbo lake la kwanza, ambalo kwa ng'ombe mkubwa huchukua lita 100 na zaidi. Yeye anacheua, wao wanachachua, na uchachu huo unatoa asidi zinazompa nguvu. Hata vijidudu wenyewe wakishuka mbele humeng'enywa, wakawa protini yake. Katika Surat An-Nahl, aya ya 66, tumeambiwa tuzingatie wanyama wa mifugo na maziwa yanayotoka matumboni mwao. Wengi wetu tumeisoma tu, kisha tukaendelea na chai yetu ya maziwa.

Sisi hatuna tumbo la namna hiyo, lakini tuna utumbo mpana, na bakteria wa mwilini mwetu, ambao karibu wote wanaishi humo, wanakadiriwa kufika trilioni 38. Wali, sukari na mafuta ya nazi humalizwa kwa sehemu kubwa juu, kwenye utumbo mwembamba. Maganda ya choroko, nyuzinyuzi za mchicha na za kunde, hayo hushuka kwao. Wanayachachua, na katika wanayoyatoa kuna asidi iitwayo butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Yaani wageni ndio wanaomlisha mwenye nyumba! Na linalotustaajabisha zaidi ni maziwa ya mama: yana aina za sukari ambazo mtoto mchanga hawezi kuzimeng'enya hata kidogo. Zimo kwa ajili ya bakteria wa tumboni mwake.

Sasa turudi kwenye birika. Sanamaki ni dawa, hatuibezi. Bibi zetu waliitumia, na imetajwa katika hadithi. Lakini wauzaji wa chai za kukata tumbo hawakwambii inavyofanya kazi. Hupita utumbo mwembamba karibu kama ilivyo, na ikifika utumbo mpana, ni bakteria hao hao wanaoigeuza ikawa kitu cha kuharisha. Kwa hiyo unawatuma wakuharishe, kisha unawamwaga nao. Na kwa kuwa kazi yenyewe inafanyika huko chini, wakati sukari na mafuta vimeshafyonzwa huko juu, kinachotoka ni choo, maji na chumvi za mwili. Mizani inashuka, mafuta yako palepale. Ukinywa maji siku mbili uzito unarudi. Potasiamu ikipungua sana, misuli inalegea na mapigo ya moyo yanavurugika, na hilo halionekani kwenye picha za kabla na baada.

Na vile vidonge vya rangi mbili mnavyonunua dukani bila cheti cha daktari, eti vya chunusi kabla ya harusi, navyo havichagui bakteria mwema na mbaya. Aliyewahi kupata fangasi baada ya dozi anajua tunasema nini, na ajiulize kama anaitaka hali hiyo usiku wa fungate.

Masomo zetu, lawama nyingine ni yenu. Zamani somo alimweka mwari ndani, akamsugua singo na akamlisha. Ni kweli alimlisha halua kupita kiasi, hatutaki kusifia kila cha zamani. Lakini hakumharisha akamtoa ukumbini macho yameingia ndani. Mpeni kunde, mbaazi, shelisheli, bamia na bilauri ya mtindi, muanze mapema na kidogo kidogo, maana tumbo lisilozoea litajaa gesi. Asiyepata choo siku nyingi aende kwa daktari.

Mtasema gauni limeshakatwa. Basi fundi aambiwe leo aache inchi mbili za mshono kila ubavu. Kulitanua gauni ni kazi ya asubuhi moja.