Ukiwa na kisukari, usiisahau presha

Chukua mfano wa mzee anayeugua kisukari. Kila asubuhi hujipima sukari na kufurahi akiona haijapanda. Chai yake ni kavu. Lakini tembe za presha alizopewa kliniki zimelala kabatini. "Nizinyweje na siumwi popote?" huwauliza wanawe. Pengine mzee huyo ni babako.

Kosa lake ni la wengi. Presha haipigi hodi. Mtu aweza kuishi nayo miaka na mikaka bila kuumwa kichwa, huku ikiharibu mishipa ya damu kimya kimya. Mishipa hiyo ndiyo ile ile inayoharibiwa na sukari. Maradhi haya mawili yakikutana, moyo, ubongo, macho na figo huwa hatarini zaidi.

Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka wa 1998 ulihusu wagonjwa 1,148 wenye kisukari na presha. Miongoni mwa wale ambao presha yao ilidhibitiwa vikali, visa vya kiharusi vilikuwa vichache kwa asilimia 44, na vifo vilivyotokana na kisukari kwa asilimia 32, kuliko kwa wenzao.

Je, ufanye nini? Kwanza, hakikisha umepimwa presha kila uendapo kliniki ya kisukari. Keti utulie dakika tano, mgongo ukiegemea kiti na mkono ukiwa juu ya meza. Madaktari wengi hulenga chini ya 130 kwa 80, lakini muulize wako kiwango kinachokufaa. Omba pia mkojo upimwe protini angalau mara moja kwa mwaka. Ikionekana, huenda figo zimeanza kudhurika, na zipo dawa za presha zinazozikinga. Mwanamke mja mzito, au anayetarajia kupata mimba, amwambie daktari mapema kwani baadhi ya dawa hizo hazimfai.

Pili, punguza chumvi. Isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu na ile iliyo ndani ya mkate na krispi. Nyama choma ile kwa ndimu na pilipili badala ya kuichovya kwenye chumvi. Shuka matatu kituo kimoja kabla ya chako, utembee.

Tatu, usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa kuwa dawa inafanya kazi! Ikikuletea kikohozi au kizunguzungu, au ikiwa bei yake imekushinda, rudi kwa daktari akubadilishie. Jihadhari pia na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zinazonunuliwa ovyo, kwani zaweza kupandisha presha na kuumiza figo.

Nanyi vijana, leo jioni mkiwa mezani, mwulizeni mzee kwa heshima: "Baba, tembe za presha umekunywa?" Swali hilo dogo laweza kumwepusha na kiharusi.