Mapishi ya jioni yasiwe mzigo wa mtu mmoja

Ipo saa moja ya siku ambayo haimo katika ratiba ya ofisi wala ya shule yoyote, lakini ndiyo ielezayo zaidi hali ya nyumba zetu. Ni saa ya magharibi. Mtumishi aliyefunga faili lake saa tisa na nusu pale Bukoba mjini, na mwalimu aliyebaki akisahihisha madaftari pale Kamachumu au Nshamba wilayani Muleba, wote hurudi nyumbani na uchovu uleule na njaa ileile. Hata hivyo, wakishavuka kizingiti usawa wao hukoma. Mume huvuta kiti na kufungulia redio. Mke huvua viatu na kuingia jikoni. Na kama yupo binti, naye huacha kitabu chake na kumfuata mama.

Mimi mwenyewe nimekuwa mume wa namna hiyo kwa miaka mingi, kwa hiyo siandiki kwa kumnyoshea mtu kidole. Ninaandika kwa sababu nimeona kwamba kisingizio chetu kikubwa, yaani kwamba kupika ni kazi ndefu yenye ufundi tusioujua, sasa kinaanza kuporomoka.

Kinachokiporomosha ni chombo ambacho wauzaji hukiita eafraya, nasi twaweza kukiita kikaangio cha hewa. Hususan kile chenye vikapu viwili. Wapo wanaokisifu kana kwamba ni muujiza, na wapo wanaokibeza kuwa ni anasa ya wakubwa wa Dar es Salaam. Kwa maoni yangu, pande zote mbili hazijakitazama chombo chenyewe.

NI TANURI DOGO

Kikaangio hiki hakina siri kubwa. Juu ya kikapu pana waya unaotoa joto la umeme, na juu ya waya huo pana feni inayoisukuma hewa ya moto izunguke chakula pande zote kwa kasi. Chakula hukauka na kubadilika rangi kwa nje, kama kilichotoka katika karai la mafuta, ilhali kimepakwa kijiko kimoja tu. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilionyesha chake hadharani mjini Berlin mwaka 2010, na tangu hapo viwanda vingi vimeiga. Kwa hakika, hili ni tanuri dogo lenye upepo.

Kile cha vikapu viwili kina waya na feni kwa kila upande, hivyo kila kikapu hupewa joto lake na dakika zake. Hapo ndipo penye maana. Kitoweo kikiwa upande mmoja na ndizi au viazi upande wa pili, vyote viwili vyaweza kuwa tayari kwa dakika moja. Chakula kamili kinapatikana bila mtu kusimama akipuliza moto.

Lakini hapa watu wa Kagera watauliza, na wana haki ya kuuliza: je, kitapika ndizi zetu? Jibu la kweli ni kwamba kwa ndizi za kupikwa na maharage katika sufuria moja, zilizofunikwa kwa majani ya mgomba hadi zikalainika katika mchuzi wake, chombo hiki hakifai kitu. Hewa kavu haiwezi kufanya kazi ya maji na mvuke. Atakayezitumbukiza humo ndizi mbichi zilizomenywa atatoa vipande vigumu, na mama mkwe akivionja hatarudi tena katika nyumba hiyo.

Kosa la wengi ni kukilinganisha chombo hiki na chungu. Kitu ambacho kinakirithi si chungu, bali ni majivu ya moto. Wazee wetu walikuwa na mapishi mawili: ya chunguni na ya makaani. Nkonjwa hazikuchemshwa, zilichomwa. Viazi vitamu vilifukiwa katika majivu, na samaki alibanikwa juu ya moto. Mapishi hayo ya pili ndiyo kikaangio cha hewa kinayoyaweza, tena bila moshi. Tukikijua kwa namna hiyo, hatutakidai kile kisichoweza kutoa.

CHAKULA CHENYEWE

Nitaeleza mlo mmoja ambao mtu yeyote aliyechoka anaweza kuupika, nao unatosha watu wanne. Mahitaji yake yanapatikana sokoni Bukoba na katika magulio ya Muleba.

Chukua vipande vinne vya sato. Vioshe, vikaushe vizuri kwa kitambaa safi, kwani samaki mwenye maji hachomeki bali huchemka. Vipake chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, pamoja na mafuta kidogo. Viache hivyo unapomenya nkonjwa tatu au nne zilizoanza kugeuka manjano. Zipasue kwa urefu, nazo uzipake mafuta na chumvi kidogo.

Tia nkonjwa katika kikapu cha kwanza kwa joto la nyuzi 180, na uzihesabie dakika 20. Baada ya dakika tano, tia samaki katika kikapu cha pili kwa nyuzi 200, na umhesabie dakika 15. Katikati ya muda huo, vuta vikapu vyote viwili, ugeuze vipande, uvirudishe. Usivirundike, hewa isipopata njia ya kupita, sehemu moja itaungua na nyingine itabaki mbichi. Samaki ameiva ikiwa nyama yake hadi katikati imekuwa nyeupe na yaachana mifupa bila kulazimishwa.

Dakika hizo ambazo chombo kinafanya kazi, mpishi hakai bure. Atakata nyanya, kitunguu na tango, na parachichi ambalo kwa wengi wetu liko nyuma ya nyumba. Asiye na nkonjwa atumie viazi vitamu vilivyokatwa unene wa kidole, kwa nyuzi 200 na dakika zipatazo 25. Hapo wanga upo, kitoweo kipo na mboga ipo. Tangu kumenya hadi kunawa mikono mezani, dakika 40 zimetosha.

Maharage nayo yasisahauliwe. Yachemshwe mara moja kwa juma, siku ya Jumamosi, ikiwezekana katika sufuria la umeme la kushindilia mvuke, kisha yagawanywe. Siku za ndizi na maharage zitabaki palepale, nazo ndizo nyingi. Ninachosema ni kwamba siku ya Jumatano, mwalimu anaporudi akiwa ameloa mvua, nyumba iwe na njia ya pili.

GHARAMA NA MASHAKA

Watumishi ni watu wa hesabu, kwa hiyo tuhesabu. Chombo cha wati 2,000 kikiwaka mfululizo kwa nusu saa hutumia uniti moja ya umeme. Kwa kawaida hutumia pungufu ya hapo, kwa sababu waya hujizima joto likishafika. Bei zilizowekwa mwaka 2016 zilikuwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, kwa mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyovuka hapo. Milo 30 ya jioni ni uniti 30 kwa mwezi. Mwenye taa chache na redio atabaki ndani ya 75. Mwenye jokofu na pasi na ajihesabie kwanza. Kisha kila mmoja alinganishe jumla hiyo na fedha anazotoa kwa magunia ya mkaa, na aongeze saa za binti yake.

Mashaka yapo. La kwanza ni umeme wenyewe. Kwa miaka mingi Kagera ilitegemea umeme ulionunuliwa Uganda kwa njia ya Masaka hadi Kyaka, na tunakumbuka jioni nyingi za giza. Baadaye umejengwa mtambo wa Rusumo katika mto Kagera, wenye megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na lipo bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Umeme wa nchi umeongezeka. Lakini megawati zilizoko Rufiji hazimpikii mwananchi wa Muleba kama nguzo ya kijijini kwake imeoza. Kazi ya nyaya na transfoma isionekane kuwa ndogo kuliko kazi ya mabwawa.

Shaka la pili ni bei ya chombo. Si ndogo kwa mwalimu anayeanza kazi. Asikinunue kwa sababu jirani amenunua, wala asikikopee kwa wale wa kausha damu, maana atakula samaki mwezi mmoja na kulipa riba mwaka mzima. Akiba ya pamoja katika ushirika wa walimu wa kuweka na kukopa ndiyo njia ya heshima.

Shaka la tatu ni usalama. Chombo hiki hula umeme mwingi kwa mara moja, kwa hiyo kichomekwe katika soketi ya ukutani peke yake, si katika waya mwembamba wa kurefusha unaobeba pia televisheni na jokofu. Umeme ukikatika, kichomolewe, kwani hurudi kwa kishindo.

JAMBO LENYEWE

Mei 2024 nchi yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Wakati huo kaya takriban tisa katika kila kumi zilikuwa zinategemea kuni na mkaa. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuachana na nishati hizo, na walimu wengi wameyaona mabadiliko hayo katika majiko ya shule zao. Lakini itakuwa ajabu ikiwa jiko la shule litaacha moshi, na mwalimu aliyelisimamia arudi nyumbani akamkute mkewe analia kwa moshi uleule.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba chombo peke yake kitaleta haki. Mashine ya kusaga ilipofika vijijini ilimwondolea mama kazi ya kinu, na mara nyingi muda aliouokoa ukajazwa kazi nyingine. Kikaangio nacho chaweza kuwa hivyo: kazi ikawa nyepesi, lakini mfanyakazi akabaki yuleyule mmoja. Nyumbani kwangu tumeamua kwamba siku mbili za juma ni zamu yangu. Samaki wa kwanza nilimkausha hata akafanana na ubao, na watoto wangali wananicheka. Wa pili alilika. Binti yangu jioni hiyo alimaliza hesabu zake kabla ya chakula, jambo ambalo sikuwahi kuliona, kwa kuwa sikuwahi kulitazama.

Kwa hiyo nina mapendekezo machache. Wafanyabiashara wanaoingiza vyombo hivi walazimike kuviambatanisha na maelezo ya Kiswahili fasaha. Si haki mtu auziwe chombo cha moto chenye kitabu asichoweza kukisoma. Vyuo vya ufundi vya VETA vifundishe kuvitengeneza, ili kikiharibika waya kisitupwe kama chungu kilichopasuka. Walimu wa mapishi wapime nyuzi na dakika zifaazo ndizi, viazi na samaki wa kwetu, na kuandika, kwa sababu vitabu vinavyokuja na vyombo hivyo havijui nkonjwa ni nini. Na madarasa hayo ya mapishi yawe ya wavulana na wasichana kwa pamoja.

Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu amekwisha kubisha hodi. Tukimpa kazi inayomfaa, na sisi wanaume tukasimama jikoni pamoja naye, wenyeji wataponea. Tukimkabidhi kwa mama yuleyule aliyechoka, kisha tukarudi kusikiliza habari, tutakuwa tumenunua kifaa kipya kwa ajili ya dhuluma ya zamani.