Kabla ya Kuchagua Bima ya Kazini, Uliza Hospitali Iko Wapi

Januari mwaka jana mwajiri wangu alituletea fomu mbili za bima ya afya. Tuchague moja, turudishe kufikia Ijumaa. Ya kwanza ilikuwa na kikomo cha shilingi milioni moja ukilazwa. Ya pili ilikuwa ya laki tano. Makato ya mwezi yalitofautiana kidogo tu. Mimi nimesomea masoko chuo kikuu, najua vile namba kubwa huwekwa mbele ili ikushike macho. Bado ilinishika. Niliweka alama kwenye milioni moja bila kufungua ukurasa wa nyuma.

Ukurasa wa nyuma ndio ulikuwa na orodha ya hospitali.

Mei, wakati wa mvua, nilishikwa na homa usiku hapa Garsen. Asubuhi nilijikokota hadi kliniki iliyo karibu na ninapoishi. Nikatoa kadi ya bima. Dada wa mapokezi akaiangalia, akanirudishia: "Hii hatuipokei, kaka." Hospitali ya karibu iliyokuwa kwenye orodha yangu ilikuwa Malindi, zaidi ya kilomita 100. Kwa homa ile, matatu ya Malindi nisingeiweza. Nikalipa kwa simu: vipimo, dripu na dawa, jumla shilingi 4,600. Nilipodai nirudishiwe, nikajibiwa kwamba nilipaswa kupiga simu kuomba idhini kabla ya kutibiwa. Hiyo pia ilikuwa imeandikwa ukurasa wa nyuma.

Mwenzangu wa kazi aliyechagua ya laki tano? Kliniki hiyohiyo ilikuwa kwenye orodha yake.

Basi msimamo wangu ni huu: kwa sisi tunaofanya kazi Tana River, bima ichaguliwe kwa kuangalia mahali unapoweza kufika ukiwa mgonjwa. Kiasi cha pesa kije baadaye. Milioni moja iliyoko Mombasa haikusaidii kitu ukiwa umelala Minjila na homa.

Najua kuna atakayesema, "Je, ukipata ajali? Ukihitaji upasuaji mkubwa? Laki tano zitaisha." Ni kweli, na silidharau hilo. Kama una ugonjwa unaohitaji daktari bingwa kila mara, au familia yako inaishi Malindi au Mombasa, kikomo kikubwa kinaweza kukufaa zaidi. Lakini hebu hesabu mara ulizoumwa miaka mitatu iliyopita. Ulilazwa mara ngapi? Na ni mara ngapi ulienda tu kupimwa malaria, tumbo, presha, au kumpeleka mtoto anayekohoa? Wengi wetu pesa hutuishia huko kwenye matibabu ya kwenda na kurudi.

Tena usisahau mto wetu. Mwishoni mwa 2023, na tena Aprili 2024, mafuriko yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa, watu wakawa wanavuka kwa boti. Orodha yenye hospitali za upande mmoja tu inaweza kukuacha mikono mitupu siku maji yakipanda. Ukichagua, uliza pia: barabara hii ikifungwa, naenda wapi?

Kitu cha pili ambacho wengi hatukielewi: bima ya mwajiri ni nyongeza. Tayari una bima nyingine. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, kila mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine. Mshahara wa 30,000 unakatwa 825 kila mwezi. Kwa hiyo usilinganishe fomu mbili za mwajiri peke yake. Jiulize SHA inanifanyia nini, na pengo liko wapi. Zahanati na vituo vya afya, yaani daraja la 2 na la 3, huhudumia waliojisajili kupitia mfuko wa afya ya msingi unaolipwa na serikali. Kulazwa hospitali za daraja la 4 kwenda juu kunalipwa na ule mfuko unaochangia. Kwa mfano, kujifungua kwa kawaida kumewekewa 10,000 na kwa upasuaji 30,000. Kama gharama inazidi hapo, ndipo bima ya mwajiri iingie kazini.

Jambo hili mimi nililijua kwa njia mbaya. Mamangu anaishi Ngao. Presha ilipompanda, nilimwambia kwa kujiamini, "Mama, nenda hospitali, mimi nakatwa kila mwezi, wewe umo." Hakuwamo. Mchango wako unamhudumia mwenzi wako na watoto wako. Mzazi anajisajili mwenyewe na kuchangia kivyake. Asiye na ajira huulizwa maswali kuhusu hali ya maisha yake, kisha anapangiwa kiasi, kisichopungua 300 kwa mwezi, na hulipwa cha mwaka. Yaani angalau 3,600. Bima ya mwajiri wangu nayo haikuwa na nafasi ya mzazi. Kwa hiyo mama ana hospitali hapo Ngao, karibu na nyumbani, na hakuwa na bima. Mimi nilikuwa na bima mbili na sikuwa na hospitali. Siku hiyo nilicheka, lakini si kwa furaha. Jioni nilienda nyumbani, nikakaa naye na simu yake ndogo, tukabonyeza *147# hatua kwa hatua mpaka akasajiliwa.

Sasa, fomu ikikufikia, fanya hivi kabla hujaweka sahihi.

Kwanza, omba orodha ya hospitali kwa maandishi, ya mwaka huu. Tia alama zile unazoweza kufika ndani ya saa moja. Kama hakuna hata moja, umeshapata jibu.

Pili, usiishie kumuuliza wakala wa bima. Pigia kliniki yenyewe: "Kadi ya kampuni hii mnaipokea leo? Hata kwa wasiolazwa?" Kuna orodha zinazobaki na majina ya vituo vilivyoacha kupokea kadi zamani.

Tatu, uliza atakayekuona ni nani. Vituo vyetu vingi vina wauguzi na maafisa wa kliniki, na wanafanya kazi nzuri. Ila ukiambiwa kuna daktari, jina lake linapaswa kuwa kwenye sajili ya KMPDC, baraza linalotoa leseni za madaktari, na leseni huhuishwa kila mwaka. Sajili iko kwenye tovuti yao, kuangalia ni bure.

Nne, soma ukurasa wa nyuma. Tafuta sehemu inayosema nani anahudumiwa, lini uombe idhini, na kama kila ukitibiwa kuna pesa unayotoa mfukoni.

Mwisho, hata ukichagua vizuri, bima hailipi matatu wala pikipiki ya usiku, wala chakula cha anayekusindikiza. Mimi sasa nina akiba ya afya kwenye simu, tofauti na salio la matumizi. Kila mshahara ukiingia nahamisha 500 kabla sijanunua kitu. Ujumbe wa kila malipo ya matibabu siufuti, na risiti naipiga picha, maana ukidai kurudishiwa ndivyo vitu vya kwanza unavyoulizwa. Na namba uliyojisajilia SHA iwe hai na iwe yako. Mtu akikupigia akidai yeye ni wa bima na anataka namba yako ya siri, au namba uliyotumiwa kwa ujumbe, kata simu.

Januari hii fomu zilirudi. Nilianzia ukurasa wa nyuma. Nimechukua ya laki tano, na ile 3,600 ya mama nimeilipa yote. Mwenzangu mpya wa ofisini, ndiyo kwanza ameajiriwa, aliniuliza kwa nini nimeacha milioni moja. Nikamwambia apigie kliniki ya hapa mjini kwanza, halafu tuongee.