Namba ya Pampu na Mfuko wa Nyumbani



Mwezi huu tumeona vema tuzungumzie swali ambalo kila mwenye gari hapa Dubai Investments Park huulizwa afikapo kwenye sheli: "Special au Super?" Wengi wetu hujibu "Super" pasipo kufikiri, kwa kuamini kwamba kilicho ghali ndicho bora, na kwamba gari lililopatikana kwa jasho halistahili kunyimwa. Nia ni njema, lakini imani hiyo ina kasoro, nayo hutugharimu.

Katika Falme za Kiarabu petroli huuzwa kwa daraja tatu: E-Plus 91, Special 95 na Super 98. Namba hizo ndizo ziitwazo oktani, nazo hupima uvumilivu wa petroli inapogandamizwa. Ndani ya silinda, pistoni huugandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha plagi hutoa cheche na moto ukasambaa kwa utaratibu. Petroli isiyo na uvumilivu wa kutosha hulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Hapo ndipo injini hugonga, kwa sauti kama ya changarawe zinazotikiswa mkebeni, na kugonga huko kukidumu pistoni huharibika. Kadiri injini inavyogandamiza kwa nguvu zaidi, ndivyo inavyohitaji namba kubwa zaidi.

Injini ambayo mgandamizo wake ni wa wastani haina kazi ya kuupa uvumilivu huo wa ziada. Kuitilia 98 injini iliyoundwa kwa 91 ni kumvisha mtu koti la baridi mwezi wa Agosti hapa Dubai. Wala namba kubwa si dalili ya usafi. Zamani oktani ilipandishwa kwa kutia madini ya risasi katika petroli, sumu iliyodhuru akili za watoto. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo mwanzoni mwa 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari ya kawaida, iliacha Julai 2021.

Sasa tufanye hesabu. Agosti 2015, serikali ilipoanza kuiacha bei ifuate soko na kuitangaza kila mwezi, lita ya Super ilikuwa dirhamu 2.25, Special 2.14 na E-Plus 2.07. Julai 2022, bei zilipopaa, zilikuwa 4.63, 4.52 na 4.44. Tazameni: bei ziliongezeka maradufu, lakini tofauti kati ya Super na Special ilibaki filsi 11. Kwa tangi la lita 50 hiyo ni dirhamu 5 na nusu. Ajazaye mara nne kwa mwezi hutoa dirhamu 22, na kwa mwaka 264. Kwa mzazi anayepeleka fedha nyumbani, hizo ni daftari na sare za mtoto, zilizochomwa bila gari kwenda mbali zaidi.

Hata hivyo, tusieleweke vibaya. Kushuka chini ya namba inayotakiwa ni kosa kubwa kuliko kupanda juu yake. Gari lililoandikiwa 95 lisipewe 91 kwa ajili ya kubana matumizi, hasa lenye turbo, na hasa wakati wa joto, kwa kuwa hewa yenye joto huongeza kugonga. Magari mengi ya siku hizi yana kifaa kinachosikia mgongo huo na kuchelewesha cheche ili kuinusuru injini. Lakini hapo nguvu hupungua na petroli hulika zaidi, hata akiba yenyewe ikapotea.

Namba sahihi imeandikwa ndani ya mlango mdogo wa tangi na katika kitabu cha gari. Ila kuna mtego. Wamarekani hupima kwa njia nyingine: 87 yao ni takriban 91 ya hapa, na 91 yao ni kama 95 au 96. Mwenye gari la soko la Marekani asomaye 91 akajaza E-Plus atakuwa amekosea. Wajapani nao huandika kwa jina tu: ya kawaida, ambayo kwa kanuni zao huanzia 89, na ya oktani ya juu, ianziayo 96. Ndugu anayemnunulia jamaa yake gari la Japani la kupeleka Mombasa au Dar es Salaam aombe asomewe maandishi hayo kabla ya kulipa, na aulizie kwanza petroli ipatikanayo huko liendako. Gari litakalo oktani ya juu laweza kuwa mzigo kwa mpokeaji.

Basi leo jioni, kabla ya kwenda sheli, fungueni kile kimlango mkasome. Pakiandikwa 91 ya kipimo cha hapa, E-Plus yatosha. Pakiandikwa 95, Special. Pakiandikwa 98, lipeni Super bila kinyongo, kwani injini ni ghali kuliko filsi 11.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.