ARBUNI YA MOTOKAA
Mwenzetu huweka arbuni ya Sh. 50,000 ashikiwe motokaa iliyotumika, kisha akaghairi. Muuzaji husema fedha hazirudi. Lakini ikiwa motokaa imeuzwa kesho yake kwa bei ile ile, hasara yake ni ipi? Akate gharama, arudishe zilizobaki. Hata hivyo jihadharini: kisheria arbuni kwa kawaida hupotea kwa mwenye kughairi, sehemu ya bei yaweza kudaiwa. Basi stakabadhi iseme wazi fedha ni za nini, na zitarudi kwa sharti gani. Kwa mwajiri twadai mkataba ulioandikwa. Kwa muuza motokaa twaridhika na maneno matupu! Aliyenyimwa haki aende Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016. Husikiza madai yasiyozidi Sh. 1,000,000, na wakili si lazima.