Chombo hutengenezwa mbele ya safari

Mdogo wangu ana miaka 19, na mwaka huu anafanya Exetat. Kila magharibi, umeme ukirudi, anashika mchezo wa vita vya angani, Mass Effect 2, uliotengenezwa Kanada mwaka 2010. Juma hili sikumgombeza, nilikaa karibu yake.

Akanieleza: mbele ya safari ya mwisho unatafuta madini kwenye sayari, kama platini na paladi, ili kuongezea chombo bati ngumu, kinga na mzinga mpya. Yeye kazi ile ilimchosha, akairuka. Njiani wenzake watatu wakafa.

«Yaya, nilikimbilia safari. Nitaanza tena.»

Nikamuuliza: «Na kaye ya hesabu?» Akanyamaza. Kesho yake asubuhi nilimkuta ameifungua.

Wamama, mchezo huu umeandikwa 18 kwenye boksi: wadogo wasiuguse. Lakini kwa vijana wakubwa, tusianze na kelele. Tukae, tuulize. Mchezo unaanza tena usiku uleule. Exetat inangoja mwaka mzima, na pesa tunalipa tena.